Zamu ya Mkanushaji

Pune, 20 Septemba 1961

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu yako nimeishika kutoka huku mbali, na ule wenye goti baya nimeushika taratibu. Unaendeleaje? Ng'ombe bado anakuamrisha? Mimi sijambo, ila vidole vimechubuka kwa unyevu. Tangu bwawa lipasuke Julai na mto kuingia mjini, sisi wa nyumba ya hati hatusomi vitabu tena, tunavianika. Ukipita kwetu utadhani dobi kahamia. Hati zimening'inia kwenye kamba, mapangaboi yanazunguka kutwa, nasi tunageuza kurasa moja moja kwa vijiti ili zisigandane.

Nina ombi, na ni la haraka. Mkuu wangu wa kazi, Bwana Limaye, anaandika historia ya fikra za wahenga wetu, tangu waimbaji wa Veda hadi mabishano ya shule zote zilizofuata. Kila kundi lina sura yake, na kila sura inategemea vitabu vya kundi lenyewe. Wabudha wanavyo, Wajaini wanavyo, ninyi watu wa elimu ya hoja mnavyo hadi mnakosa pa kuviweka. Sura niliyopewa mimi ndiyo tupu. Ni ya wale Walokayata, wakanushaji, waliosema kisichoonekana hakipo, roho ni joto la mwili tu, na aliyekufa amekwisha. Hawakuacha hata jani. Yote tunayoyajua juu yao tumeyapata vinywani mwa mahasimu wao, mistari miwili hapa, mitatu pale, wametajwa ili wachekwe halafu wapigwe. Hebu fikiria wewe ukumbukwe kwa yale tu anayoyasema Pandit Shobhakar, yule mwanazuoni mnayebishana naye hapo kijijini, juu yako.

Ndipo nikakumbuka kitabu cha nyumbani, kile cha majani ya mvumo alichoandika babu yake babu yako, kwenye sanduku jekundu. Kabla ya kumjibu mkanushaji, babu kampa majani arobaini azungumze. Arobaini, Mjomba. Sijui mwingine aliyempa hata manne. Nilikuwa na miaka kumi na moja ulipotufundisha kile kitabu pale barazani, mimi na wale wanafunzi wako watatu wa mwisho kabla hawajakimbilia kazi za reli. Ulikataa mtu yeyote ajibu hoja mpaka kwanza aitaje kwa namna ambayo mwenye hoja angesimama aseme, naam, hiyo ndiyo yangu.

Ninakilie hayo arobaini unitumie. Kitabu kinaingia mtamboni Machi. Subira sina, na wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo usijifanye hujui.

Mpwa wako,
Urmila


Bhagwatipur, 11 Oktoba 1961

Mwanangu Urmila,

Marahaba. Goti linauma mvua ikija na linauma mvua ikiondoka. Ng'ombe mzima, ananishinda afya na akili. Nakula, usianze maswali. Asubuhi pepeta kwa mtindi, mchana wali na dengu, na achari ya marehemu mkaza mjomba wako bado iko mtungi mmoja, naipima kwa ncha ya kijiko. Juzi jirani kaniuliza tena utaolewa lini. Nikamwambia umeshaolewa na karatasi zilizoloa. Hakucheka.

Kuhusu kitabu, usihangaike, nakala ipo. Cha zamani mchwa walikwisha kukiingia, na majani ya mwarobaini hayakuwatisha. Mwaka jana mvua zilipokatika nilikinakili chote kwa mkono wangu, kwenye karatasi za Nepali zilizopakwa manjano. Kisha cha zamani nikakiaga inavyopasa. Nilikifunga kitambaa kipya, nikakipaka sandali, na siku ya mwezi mpevu wa Kartik nikaenda nacho mto Kamala nikakitia majini. Kitabu kilichochoka hakitupwi jalalani wala hakichochewi moto kama kuni, kinapewa mto. Wewe unalijua hilo, usije ukajitia ugeni kwa sababu unakaa Pune.

Nakala naituma kwa rejista. Nimemwambia karani wa posta kwamba ndani mna babu yangu, asimgonge muhuri usoni.

Mjomba wako


Pune, 6 Novemba 1961

Mjomba,

Shikamoo. Salamu leo ni fupi kwa sababu nimekasirika, na nikianza kuuliza habari za ng'ombe nitakuwa mnafiki.

Bahasha imefika salama. Nimeifungua mbele ya Bwana Limaye, nimeshamtangazia hazina ya ukoo wetu kwa wiki nzima. Ukurasa wa kwanza, dua. Ukurasa wa pili, kwa ule mwandiko wako mzuri: "Mkanushaji husema yale yajulikanayo. Naye hujibiwa hivi." Basi. Baada ya hapo ni kurasa na kurasa za kumtwanga mtu ambaye hajafungua mdomo.

Arobaini yamekuwa mstari mmoja. Bwana Limaye ni mtu mwema, kasema labda mjomba wako alikuwa na haraka. Nilitamani sakafu inimeze.

Yako wapi? Niambie uliyanakili pembeni. Niambie yamo sandukuni, umesahau kuyatia kwenye bahasha. Usiniambie yako mtoni. Mimi huku napigania karatasi zisioze kwa maji, wewe huko unazipeleka majini kwa sandali na kitambaa kipya.

Nijibu kwa posta ya kwanza.

Urmila


Bhagwatipur, 27 Novemba 1961

Mwanangu,

Marahaba. Nimekusoma, nimekusoma tena. Hukuandika "mpwa wako." Nimeliona.

Yako mtoni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sijamwambia mtu. Mkaza mjomba wako alifariki mwaka jana mwezi wa Ashwin, ule unaotangulia Kartik. Wewe ulifika siku ya kumi na mbili ya matanga, ukaniona natengeneza matonge ya wali kama mila inavyotaka, namwekea marehemu juu ya jani, namwita ale. Ulipoondoka nyumba ikawa kubwa mno, nikashika kazi ya kunakili ili mikono isikae bure. Asubuhi nikishamlisha, nakaa kuandika. Na kitabu chenyewe kinaanza na yule mkanushaji. Jani la kwanza tu anasema, mwili ukiwa jivu, hakuna aliyekwenda mahali, maana hakuna aliyekuwamo.

Kalamu ilikataa. Mimi niliyefundisha maneno hayo miaka arobaini, nikiyatamka kwa mbwembwe hadi wanafunzi wananitazama wakidhani nimeasi, siku hiyo sikuweza kuyaandika wali wake ukiwa bado haujakauka kidoleni. Nikaandika ule mstari mmoja, kama wanavyofanya wanakili wavivu, nikaruka. Haikuwa haraka, wala uzembe. Niliogopa.

Yote arobaini ninayo kichwani, neno kwa neno. Lakini sitayasema. Usiniombe hilo.

Mjomba wako


Pune, 9 Desemba 1961

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nisamehe. Barua yako nimeisoma ghalani nikiwa nimesimama, mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama kuna msiba. Natamani ningekuwa hapo ule mwezi. Nilirudi kazini mapema mno, na hilo linanikereketa mpaka leo.

Lakini nitakuomba, nina uso mkavu. Unakumbuka nilipokuwa na miaka kumi na mbili nikaruka hoja ya Wabudha kwa sababu ilikuwa ndefu, nikakimbilia kuwajibu? Ulinigonga vidole kwa ule mwanzi wa kuegemezea mtambuu. Ukasema, anayemjibu mtu aliyezibwa mdomo hajajibu kitu, kajisemea peke yake. Mkaza mjomba akatoka jikoni akakugombeza kwa kunipiga, nawe ukamwambia hivyo hivyo, naye akasema, sawa, lakini mtoto ale kwanza.

Nilicho nacho hapa mezani sasa ni kitabu cha mtu anayejisemea peke yake. Na kichwa chako ndicho sanduku la mwisho, Mjomba. Sisemi zaidi, unajua namaanisha nini. Usiku silali vizuri, mchana nageuza karatasi za watu wengine nikihesabu wiki.

Mpwa wako,
Urmila


Pune, 16 Januari 1962

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami kila nikimwona mtu wa posta namkimbilia kabla hajafika mlangoni. Unaumwa? Umenikasirikia? Ukinikasirikia niandikie unitukane, lakini niandikie.

Huku watu wamechanganyikiwa. Wanajimu wamesema mwanzoni mwa Februari sayari nane zitajipanga pamoja na dunia itakwisha. Mwenye nyumba wangu, Bi Godavari, amenunua mchele wa miezi sita. Nikamuuliza dunia ikiisha ataupikia wapi. Akaninunia.

Nitumie hata mstari mmoja. Hata ule ule.

Mpwa wako


Bhagwatipur, 9 Februari 1962

Mwanangu Urmila,

Marahaba. Dunia haikuisha, kama ulivyokwisha kuona. Hapa kijijini wamechoma samli ya mwaka mzima kwenye moto wa dua, sasa wanakula wali mkavu na kusema dua imesaidia. Pandit Shobhakar anatembea kifua mbele kana kwamba sayari kazisukuma yeye.

Nikwambie ukweli. Niliwacheka wote wale. Nilisema barazani, kwa sauti, kwamba hoja yao haina miguu wala mkia. Halafu siku yenyewe ilipofika nikakaa uani natazama juu kama wale wale niliowacheka. Nikajisikiliza nijue ninaogopa nini hasa. Kufa siogopi, nina mtu wa kumfuata. Nilichokuwa nakiogopa ni yule mshenzi na majani yake arobaini. Kwamba nitaondoka naye. Watu elfu mbili wamemcheka, babu yetu peke yake kampa nafasi ya kusema, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo na kumtosa.

Haya, nimeanza. Humu mna majani manane ya kwanza. Nayaandika asubuhi, nikishaoga, upande wa zizi la ng'ombe, sio upande wa chumba cha sala kwenye picha ya mkaza mjomba wako. Najua ni upuuzi. Picha haina masikio, na ingekuwa nayo, ukuta wa udongo hauzuii sauti. Lakini siwezi kumkalisha na mtu anayemwambia hayupo.

Sharti langu ni moja na halina mjadala. Asichapishwe peke yake. Maneno yake yakitoka, jibu litoke pamoja nayo, kitabu kimoja, jalada moja. La sivyo nitakuwa nimeishi miaka sitini na minane kuja kuwa kinywa chake.

Mjomba wako


Pune, 24 Februari 1962

Mjomba wangu wa dhahabu,

Shikamoo mara nane, moja kwa kila jani. Bwana Limaye alianza kusoma ameketi, lilipofika la tano kasimama, akamaliza akitembea huku na huku. Kasema hajawahi kumsikia mkanushaji akizungumza kwa utulivu hivi. Siku zote tunaletewa mlevi anayepiga kelele, kumbe alikuwa mtu wa kufikiri. Sharti lako amelikubali, kaniandikia kwa mkono. Mtambo utasubiri hadi Juni.

Sasa nikuulize, usinigombeze. Jani la saba, pale anaposema ladha ya tambuu haimo kwenye jani, haimo kwenye popoo, haimo kwenye chokaa, inazuka vikichanganywa na inakwisha vikitengana, na ndivyo ilivyo akili mwilini. Ni nzuri kupita kiasi. Umemsaidia? Maana tambuu unaipenda wewe.

Nakutumia miwani kwa rejista. Nimekisia macho yako kwa mwandiko unavyozidi kuwa mkubwa.

Mpwa wako,
Urmila


Bhagwatipur, 21 Machi 1962

Mwanangu,

Marahaba. Miwani imefika, sasa naona vumbi lote la nyumba hii, asante kwa mateso. Kikohozi kimenikamata tangu zile baridi za mwisho, ila natembea.

Umenitukana, ujue. Kumsaidia mimi? Tambuu ni yake. Mbona hukushangaa tabia hii mbaya ya kutafuna niliipata wapi? Sijaongeza neno, sijapunguza. Humu mna hadi jani la thelathini na nane. Nilikwenda mbio kwa sababu, nitasema tu, nimekuwa namngojea. Asubuhi naamka na shauku ya kusikia leo atasema nini, mimi niliyemsikia miaka hamsini.

Hilo la thelathini na nane lisome peke yako kwanza, kabla ya Bwana Limaye. Anazungumzia kuwalisha waliokufa. Anauliza: chakula kinachoshindwa kuvuka mto mmoja kumfikia aliye hai, kimejifunza lini kuvuka kifo?

Unakumbuka hadithi ya mafuriko ya mwaka ule kabla hujazaliwa? Mkaza mjomba wako alikuwa kwao, ng'ambo ya Kamala, akakaa juu ya paa siku tatu bila kula. Mimi huku nilikuwa na wali. Sikumwekea tonge kwenye jani nikamwita. Ingekuwa wazimu, sivyo? Nililia, nikamtafutia mtumbwi. Miaka yote nimelisema lile jani kwa wanafunzi na sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili. Juzi ilikuwa siku ya kumlisha ya mwezi huu. Nimeshika tonge, mkono ukasimama hewani. Nikaliweka mwishowe. Lakini ulisimama, Urmila.

Mjomba wako


Pune, 3 Aprili 1962

Mjomba,

Shikamoo. Acha. Naomba uache. Majani thelathini na manane yanatosha kujaza sura, Bwana Limaye mwenyewe kasema, na hata yasingetosha, hakuna sura ya kitabu chochote inayostahili mkono wako usimame hewani. Niliyekusukuma ni mimi. Nilikuwa na njaa ya hizo karatasi mpaka nikasahau zinatoka ndani ya mtu.

Kikohozi nacho, mwite daktari wa mjini Madhubani. Usimwite yule wa majani ya dawa. Nimeomba likizo. Wamenipa kuanzia tarehe moja Juni, kabla ya hapo ghala lina hati za watu hazijakauka. Nimekata tiketi, nitafika tarehe nne. Mpaka hapo kaa upande wa chumba cha sala, kula, nyamaza.

Mpwa wako anayejilaumu,
Urmila


Bhagwatipur, 25 Aprili 1962

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko ni wangu, usishtuke, naandika nimelala ubavu. Daktari kaja, kasikiliza kifua, kaniachia chupa ya dawa chungu na maneno machache. Kutoka kwa daktari wa mjini, maneno machache ndiyo mabaya.

Majani mawili yaliyobaki haya hapa. Arobaini yametimia. Uliniambia niache, lakini mgeni ukishamkaribisha humkatizi akiwa na sentensi mbili za mwisho.

Sasa shida iko kwetu. Nimechukua jibu la babu, zile kurasa nilizokutumia Oktoba na ambazo nazo ninazikumbuka neno kwa neno, nimeziweka kichwani ubavuni mwa haya arobaini, hoja kwa jibu, hoja kwa jibu. Babu alikuwa simba. Juu ya tambuu kamjibu, juu ya jivu kamjibu kwa kurasa sita zinazotoa jasho. Nikafika kwenye wali na mto. Unajua kaandika nini? "Hili halina uzito." Mstari mmoja, kapita. Nimecheka mpaka kikohozi kikanitupa chini, kwa sababu nilimlaumu mnakili mvivu kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

Lina uzito. Nimejaribu kulijibu mara saba, nimechana mara saba. Pumzi hainifikishi mwisho wa hoja. Nikiwa na kiini mkononi, homa inapanda, nikirudi kimeshapotea. Sharti langu liko pale pale, maneno yake yasitoke bila jibu. Kwa hiyo jibu la jani la thelathini na nane utaliandika wewe. Nimekufundisha mwenyewe, najua unaweza.

Mjomba wako


Pune, 8 Mei 1962

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu. Hii ndiyo itakayokwenda, iwe mbaya au nzuri.

Siwezi. Siyo kwamba sijui njia. Njia naiona. Nitaanza na tofauti ya mto na kifo, nitauliza kama tonge ni kwa ajili ya anayelishwa peke yake, na kadhalika, ulinifundisha vizuri. Siwezi kwa sababu siamini. Niko upande wake, Mjomba. Tangu chuo, labda kabla. Ile siku ya kumi na mbili nilisimama nyuma yako nikakutazama unamwita mkaza mjomba ale, yeye niliyempenda kuliko mama nisiyemkumbuka, nami sikuona kitu ila wali na moshi. Nikajichukia. Nikapanda treni mapema, ndiyo sababu niliondoka siku ile, haikuwa kazi. Kazi ilikuwa imenipa wiki nyingine nzima.

Sasa unataka mkono huu uandike kwamba tonge linafika. Utakuwa mkono wa uongo ndani ya kitabu cha babu yako. Mtafute mwingine. Hata Pandit Shobhakar, anaamini kila kitu. Au ningoje, tarehe nne nitakuwa hapo, utasema nami nitaandika tu, kila neno liwe lako.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini ningoje.

Mpwa wako,
Urmila


Bhagwatipur, 19 Mei 1962

Mwanangu Urmila,

Marahaba, na baraka zote ninazoruhusiwa kutoa. Mimi si mzima na sitakudanganya. Nakula uji. Ng'ombe nimempa jirani, na amekubali kuondoka bila hata kugeuka nyuma. Daktari nimemuuliza juu ya tarehe nne Juni. Kasema Juni ni mbali. Njoo hivyo hivyo.

Unadhani umeniambia siri. Siku ile niligeuka kuchukua maji, nikakuona uso. Nilijua. Ulipopanda treni nilijua kwa nini. Sikukasirika, nilihuzunika kwamba ulikuwa peke yako na jambo zito hivyo, na mimi mwalimu wako niko hatua tatu mbele yako nimekupa mgongo.

Shobhakar simtaki. Anayeamini anashiba upesi. Ndivyo babu alivyoandika "hili halina uzito" akaenda kula chakula cha mchana. Alikuwa na uhakika, basi jibu lolote lilimtosha. Wewe hutashiba. Utaandika jibu, utaliona ni bovu, utalichana, utaandika jingine, na utaendelea mpaka upate lile linalokunyima raha wewe mwenyewe. Hilo ndilo ninalolitaka kwenye kitabu. Likishatoka, wasomaji wawasome wote wawili, waamue wenyewe. Mimi nimeishia upande gani ni mambo yangu na mkaza mjomba wako.

Kuhusu mkono wa uongo. Siku naanza kukuandikia maneno ya mkanushaji sikuamini hata jani lake moja, na kila asubuhi alinikalisha chini akaniambia mke wangu hayupo popote. Yachukue yote arobaini, mwanangu, uyasome tena polepole, halafu unionyeshe ni wapi nilipompunja.

Mjomba wako